Nilikwenda Dubai kutazama ghorofa, nikamkumbuka punda wa Kitengela

Msomaji mpendwa, mahali ninapoishi hapa Kitengela siamshwi na jogoo. Anayeniamsha ni punda. Huja alfajiri, kabla matatu za kwanza hazijaanza kupiga honi kwenye barabara ya Namanga, akivuta mkokoteni uliosheheni mitungi ya maji. Nyuma yake hufuata kijana mmoja mpole mwenye fimbo ambayo sijawahi kumwona akiitumia. Wakifika langoni kijana hupiga mluzi mara mbili. Nami hutoka na leso begani na pesa mkononi, nikanunua mitungi mitatu: mmoja wa kunywa na kupika, mmoja wa kuoga na kuosha vyombo, na mmoja wa akiba, maana katika mji wetu maji ya kesho hayana ahadi.

Nimefanya hivyo kwa zaidi ya miaka 20. Mimi na marehemu mume wangu tulinunua ploti yetu mwaka 1999, thumuni ya ekari, kutoka kwa mzee mmoja Mmaasai ambaye nitamtaja tena mbele. Mume wangu alikuwa amepata kazi katika kiwanda kimoja upande wa Athi River, ambako sheria ya mwaka 1990 ilileta eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje, lile tuliitalo EPZ. Siku hizo, nikifungua mlango asubuhi niliona pundamilia wakila nyasi, na mara moja moja twiga akinichungulia kama jirani mwenye maswali. Leo nikifungua mlango huo naona ukuta wa ghorofa tano.

Mji umekua kwa kasi ya ajabu. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 58,167 hapa Kitengela. Ile ya 2019 ilihesabu 154,436. Tumepata maduka makubwa, benki, hospitali na vyuo. Taa za barabarani huwaka usiku hata mtu akitokea Athi River hudhani anaingia jiji. Lakini mvua haikuongezeka pamoja na watu. Nyika ni ile ile, udongo ni ule ule mweusi ambao kiangazi hupasuka na masika hunata viatuni. Ndiyo maana nasema kwamba sisi ni mji wa kisasa katika nchi kavu, na aliye wa mji kama huu hana budi kutamani kuona wenzake wameishije.

SAFARI YA DUBAI

Binti yangu, kifungua mimba wangu, aliondoka kwenda Dubai mwaka 2019. Aliniambia kazi yake ni ya mapokezi katika hoteli. Picha alizonitumia kwa simu zilikuwa za kupendeza: amesimama mbele ya chemchemi za maji zinazocheza muziki, amesimama chini ya mitende iliyopangwa kama wanajeshi, nyuma yake majumba ya vioo yanayogusa mawingu. Nami nilizionyesha kanisani na katika chama. Sikujua kuringa ni dhambi mpaka baadaye.

Kila baada ya miezi miwili mitatu alinitumia pesa za kujenga vyumba vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu. "Mama, nataka nikirudi nikute mabomba ndani," alikuwa akisema. "Nikizungusha mfereji, maji yatoke." Nami nilimjibu kwamba kazi inaendelea vizuri. Msomaji, hapo ndipo nilipoanza kusema uongo, nami nitaueleza kwa wakati wake.

Mwezi wa Januari 2024 alinilipia nauli nikamtembelee kwa siku kumi. Mimi niliyezaliwa Kitui, niliyeona ndege kwa mara ya kwanza ikipita juu nikiwa nachota maji, nikaketi dirishani kwa muda wa saa tano hivi mpaka tukatua. Kutoka angani niliona mchanga, kisha mchanga, kisha mchanga tena, halafu ghafla taa nyingi kama makaa yaliyomwagwa.

Siku za kwanza nilipigwa na butwaa. Tulipanda treni ya metro ambayo haina dereva, yajiendesha yenyewe, na sisi wanawake na watoto tulikuwa na behewa letu. Tulikwenda kuliona jengo la Burj Khalifa, lililofunguliwa mwaka 2010. Urefu wake ni mita 828. Tiketi ya kupanda juu tuliiona ni ghali, basi tukakaa chini pamoja na watalii wengine tukitazama chemchemi bila malipo. Nilijaribu kuhesabu ghorofa, shingo ikaniuma nikaacha.

Lakini mimi ni mwanamke wa nchi kavu, na macho yangu hayakudumu juu. Yalishuka. Niliona chini ya kila mti wa barabarani kijibomba cheusi chembamba kikidondosha maji shinani. Hakuna mti uliokuwa ukinywa bure. Nikamuuliza binti yangu, "Maji haya yote yanatoka wapi? Mbona sijaona mto?"

Akacheka. "Mama, umekuja Dubai kuuliza maji?"

BIBI WA KARAFUU

Jibu nililipata siku ya tano. Tulikwenda upande wa Deira, kwenye soko la viungo. Pale harufu ya karafuu ilinivuta hadi duka moja, na mbele ya duka hilo alikuwepo bibi mtu mzima aliyevaa baibui, akibishana bei kwa Kiarabu. Tulipokuwa tukizungumza na binti yangu, bibi yule aligeuka.

"Mwatoka Kenya?" akauliza, kwa Kiswahili laini cha Unguja.

"Shikamoo, bibi," nikasema. "Tunatoka Kitengela."

"Marahaba, wanangu. Huko Kitengela sikujui, lakini Kiswahili chenu nakijua."

Kumbe alizaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake akiwa msichana baada ya mapinduzi ya 1964, wakaenda Oman, na miaka michache baadaye akaolewa Dubai. Alikuwa mmoja wa wengi waliofuata njia hiyo. Alitualika tukae naye kwenye benchi karibu na maji ya Khor, ule mkono wa bahari unaoigawa Dubai ya zamani, Deira upande huu na Bur Dubai upande ule. Nikamuuliza swali langu la maji.

"Sasa twanywa bahari, mwanangu," akanijibu. "Mimi nilipoolewa huku nilikuta mabomba yameanza kuingia majumbani. Lakini mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, yeye alinihadithia. Zamani maji yakitekwa visimani, yakatiwa madebeni, yakabebwa na punda, yakauzwa mlango kwa mlango. Na watu wakijua kisima kipi kitamu na kipi cha chumvi. Aliyekuwa mgeni akiuliza kwanza."

Nilihisi kama mtu aliyemwagiwa maji hayo ya madebe. Punda! Hapa, katika mji wa ghorofa ndefu kuliko zote duniani, palikuwa na punda kama wangu.

Naomba nikueleze, msomaji, niliyojifunza, kwa maana wengi wetu hudhani Dubai iliota kama uyoga. Mji huo uliishi kwa uvuvi, biashara ya majahazi na kupiga mbizi kutafuta lulu. Katika miaka ya 1930 biashara ya lulu ikaanguka, kwa sababu Wajapani walikuwa wamepata njia ya kuzikuza lulu wenyewe, na dunia nzima ilikuwa katika dhiki ya uchumi. Khor ilichimbwa na kupanuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ili vyombo vikubwa viingie. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966, na Umoja wa Falme za Kiarabu ukazaliwa tarehe 2 Desemba 1971. Bandari ya Jebel Ali ilifunguliwa mwaka 1979.

Na maji? Karibu maji yote ya kunywa ya Dubai ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Kuna mitambo mikubwa huko Jebel Ali. Njia moja ni kuyachemsha maji na kuukusanya mvuke, kama vile tone linavyoning'inia chini ya kifuniko cha sufuria. Njia nyingine ni kuyasukuma kwa nguvu nyingi kupitia utando mwembamba unaozuia chumvi. Njia zote zinakula nishati nyingi mno, na chumvi iliyobaki hurudishwa baharini. Ile miti niliyoiona ikinyweshwa hutumia maji machafu yaliyosafishwa upya. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Mji ule unaelea juu ya maji yaliyoundwa, na mitambo ikisimama, ghorofa zote zile hazina faida kwa mwenye kiu.

CHUMBA CHENYE VITANDA SITA

Jioni hiyo nilimwomba binti yangu anipeleke anakolala. Tangu nifike alikuwa amenikodishia chumba kidogo kwa siku zangu kumi, na kila nilipotaja kwake alikuwa na sababu: leo wanapaka rangi, kesho mwenzake ni mgonjwa. Safari hii nilikataa sababu. Mama ni mama.

Msomaji, ni chumba kimoja. Vitanda vya chuma vya ghorofa, vitatu, wasichana sita. Kila mmoja alikuwa amening'iniza pazia la shuka kuzunguka kitanda chake ili apate mahali pa kuitwa pake. Nguo zilikuwa zimetundikwa juu ya vichwa. Jiko lilikuwa la wote, na choo cha wote. Na kwenye msumari karibu na mto wa binti yangu kulikuwa na sare ya mfanyakazi wa usafi wa vyumba. Hakuwa wa mapokezi. Kila siku alitandika vitanda vya watu na kusugua mabafu yao.

Wasichana walinisalimu kwa heshima, wakanipisha kitanda cha chini, mmoja wa Uganda akanichemshia chai. Sikulia mbele yao. Tuliposhuka barabarani nilimwuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniambia nirudi, Mama. Na nyumba haijaisha."

Kazi ya usafi si aibu, nami nilimwambia hivyo. Mimi mwenyewe nilifua nguo za watu ili asome. Lakini alipoitaja nyumba moyo wangu uligonga kama mlango usiku.

Siku iliyofuata tulipanda abra, mashua ya mbao ya kuvukia Khor. Nauli ni dirhamu moja kila mtu. Tukiwa katikati ya maji, injini ikinguruma kiasi kwamba abiria wengine wasingesikia, nilimwambia ukweli.

Zile pesa alizonitumia za vyumba, sehemu kubwa sikuzijengea. Majirani kumi tulikuwa tumekubaliana kuchanga tuchimbe kisima kwa mtambo, kila mmoja atoe shilingi 240,000. Nilidhani nitamshangaza kwa kumpa mabomba aliyoyataka kabla hata ya kuta. Mtambo ulichimba siku nne, mita zaidi ya 200. Maji yalipatikana, tukapiga vigelegele na kuomba. Kisha tukayaonja. Yalikuwa na ladha ya chumvi chumvi. Tulipoyapeleka maabara, majibu yalisema madini ya floraidi yamepita mbali kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri. Maji hayo yanafaa kufulia na kumwagia zege. Mtoto akiyanywa miaka mingi meno yake hugeuka rangi ya kahawia, na yakizidi sana hudhuru hata mifupa. Na kuyachemsha hakusaidii, kwa sababu maji yanapungua lakini floraidi inabaki. Nilikuwa nimemficha jambo hilo kwa mwaka mmoja na nusu.

Hakusema kitu. Alitazama maji mpaka mashua ikagusa ngazi za upande wa pili. Alinishika mkono nishuke, akanitengeneza leso begani. Ndipo akasema, "Basi Mama, hatudaiani."

NIKAWA MGENI KWETU

Nilirudi nyumbani na zawadi ndogo na swali kubwa. Bibi wa karafuu alisema mgeni alikuwa akiuliza kwanza. Je, mimi niliyeishi Kitengela tangu 1999 nilimwuliza nani?

Jumamosi moja nilivaa viatu vya safari, nikachukua daftari, nikaanza kuutembea mji wangu kama nilivyoitembea Dubai. Nilianzia stendi ya matatu, nikaingia mitaani, na kila mahali nikauliza swali moja: maji yenu yanatoka wapi?

Mwenye hoteli ya chai aliniambia hununua kwa lori. Mama wa saluni anatumia maji ya kisima cha jirani, lakini ya kunywa ananunua ya chupa kubwa. Mlinzi wa jumba la ghorofa alinionyesha matangi meusi juu ya paa na akasema wapangaji hugombana ngazini yakiisha. Fundi mmoja mzee alinikumbusha bomba la Nol Turesh, linaloleta maji kutoka chemchemi za Loitokitok, chini ya Mlima Kilimanjaro, likipita nchi kavu ndefu hadi huku kwetu na hadi Machakos. Hebu fikiria, msomaji: theluji ya Kilimanjaro tunaiona kwa mbali asubuhi isiyo na mawingu, kumbe maji ya miguuni pake yamesafiri kuja kwetu muda wote huo. Lakini bomba hilo lina wengi wanaolisubiri njiani, na mji umeongezeka.

Na watoto waliokuwa wakicheza mpira wa makaratasi walinicheka, na katika vicheko vyao niliona meno ya kahawia. Nilikuwa nimeyaona miaka yote nikidhani hawapigi mswaki. Niliona haya.

Mvua nazo zikatupa somo lao. Tarehe 16 Aprili 2024 binti yangu alinipigia simu akipiga kelele: Dubai imefurika! Mvua iliyonyesha katika Falme za Kiarabu siku hiyo ilikuwa kubwa kuliko yoyote tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1949. Magari yalielea barabarani na safari za ndege zikavurugika. Kabla mwezi haujaisha zamu ikawa yetu. Masika yale yaliyoua watu wengi nchini Kenya yalijaza maji mitaa ya Athi River na Kitengela, familia zikaokolewa kutoka nyumba zilizozingirwa. Mji uliolia kiu Februari ulilia mafuriko Mei. Tulikuwa tumejenga juu ya njia za maji, na maji hayasahau njia yake.

Katikati ya balaa lile nilifanya jambo moja dogo. Pesa zilizosalia sikuzipeleka kwenye kuta. Niliweka mifereji ya bati kuzunguka paa na kununua tangi la lita 10,000. Hesabu yake niliifanyia nyuma ya daftari, nawe unaweza kuifanya: mvua ya milimita 10 ikianguka juu ya paa la mita za mraba 60 ni lita 600, ukitoa kidogo kinachopotea. Maji ya kwanza ya msimu yaache yaoshe vumbi la paa, yamwage. Yanayofuata yafunike vizuri, na ya kunywa yachemshe. Maji ya mvua hayana floraidi ya ardhini. Tangi langu lilijaa kabla masika hayajakwisha.

KWA MZEE, KAJIADO

Desemba 2024 binti yangu alikuja likizo. Nilimwambia, "Wewe ulinitembeza mjini kwako. Sasa mimi nitakutembeza." Tukapanda matatu ya Kajiado. Si mbali, kama kilomita 50. Tulipita Isinya, nyika ikafunguka pande zote mbili, mbuzi wakivuka barabara kwa dharau yao ya kawaida, na kati ya migunga kukawa na mabango: ploti zinauzwa, ploti zinauzwa, ploti zinauzwa.

Kajiado ndiyo makao makuu ya kaunti, ingawa ni mji mtulivu kuliko Kitengela. Reli ya Magadi, iliyojengwa zaidi ya miaka 100 iliyopita kubeba magadi hadi Konza kwenye reli kuu, ingali inapita hapo. Jina lenyewe linatokana na Kimaasai, Olkejuado, yaani mto mrefu. Binti yangu alicheka kusikia kwamba mji mkavu namna hii una jina la mto.

Tulikwenda kumwona yule mzee aliyetuuzia ploti. Aliuza ardhi yake ya Kitengela kidogo kidogo, kisha akahamia kwa ndugu zake nje ya mji wa Kajiado. Nilikuwa sijamwona tangu mazishi ya mume wangu.

"Takwenya!" akanisalimu.

"Iko!" nikajibu. Binti yangu, aliyekulia Kitengela, hakuhitaji kufundishwa: alimsogelea na kuinamisha kichwa, mzee akakigusa kwa kiganja.

Alitukaribisha chai ya maziwa. Alituhadithia jinsi ardhi yote ya Kitengela ilivyokuwa ranchi moja ya kikundi mpaka ilipogawanywa mwaka 1988, kila mwanachama akapata sehemu yake. Nyumbu walikuwa wakitoka mbuga ya Nairobi wakati wa mvua kuja kuzaa kwenye nyasi zao fupi, na hakuna aliyewazuia. Kisha zikaja karo za shule, yakaja magonjwa, wakaja wanunuzi. "Hakuna aliyeniibia," alisema. "Niliuza mwenyewe, nikasomesha watoto. Lakini pale ulipojenga jiko lako, mama, ndipo ndama wangu walipokuwa wakilala."

Nilimsimulia habari ya kisima. Alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu.

"Mngeniuliza," akasema. "Wakati wa ranchi palikuwa na kisima si mbali na hapo. Maji yake ni ya chumvi. Ng'ombe waliyapenda sana. Sisi watu hatukuyanywa. Watu wa mjini wakija huuliza ploti ni shilingi ngapi. Hawaulizi ng'ombe walikunywa wapi na watu walikunywa wapi."

Nilimtazama binti yangu naye akanitazama. Shilingi 240,000 mara majirani kumi, na jibu lilikuwa kwa mzee huyu, kwa bei ya nauli ya matatu na sukari kilo mbili.

Jioni alitupeleka mtoni. Olkejuado ulikuwa mchanga mtupu, mweupe, umejipinda kati ya miti. Mzee alichagua mahali kwenye kona, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Nilipoona hivyo nilivua viatu nikapiga magoti karibu naye, kwa maana kazi hii niliifanya Kitui nikiwa na miaka saba, na niliapa siku niliyoondoka kwamba sitaifanya tena. Tulipofika kina cha mkono, mchanga ukawa baridi, kisha ukawa na unyevu, kisha maji yakaanza kujikusanya taratibu kwenye shimo, machafu kwanza, halafu maangavu. Katika ukame ule wa kati ya 2020 na 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na ng'ombe wakafa wengi Kajiado, mashimo kama haya ndiyo yaliyomwokolea mzee mbuzi wake.

Binti yangu alichota kwa kiganja, akaonja. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Hayana chumvi."

Alirudi Dubai mwezi wa Januari, kwa mkataba mmoja zaidi. Hatukufichana: anajua vyumba vina kuta lakini havina paa, nami najua anaamka saa kumi usiku kwenda kusugua mabafu. Siku hizi picha anazonituma ni za wenzake sita wakila ugali sakafuni, nami humtumia picha za tangi, ili aone maji yamefika wapi.

Kwa hiyo, msomaji mpendwa, nawe ukienda kutembea katika mji wowote wa nchi kavu, uwe Dubai au Kitengela, tazama ghorofa, piga picha, furahi. Lakini usiondoke kabla hujauliza maji yanatoka wapi na nani anayeyabeba. Na kama unataka kununua ploti, mtafute kwanza aliyekuwa akichunga hapo.

Punda wangu bado anakuja alfajiri. Masika nikiwa na maji yangu mwenyewe, kijana hupiga mluzi kwa desturi tu, nami hutoka kumsalimu. Siku hizo mimi ndiye ninayempa punda maji.